Kuvu haingoji: mwongozo kamili wa kuokoa kaseti za roki za ujana wako hapa Mombasa

Wimbo wenyewe huna haja ya kuuokoa. Ukiutafuta kwenye simu utaupata kabla tuktuk haijafika Makupa, tena safi kuliko ulivyowahi kuusikia. Kinachooza ndani ya lile sanduku la bati chini ya kitanda ni kitu kingine: sauti ya mtangazaji aliyelikatiza gitaa la mwisho, adhana ya magharibi iliyoingia katikati ya ubeti kwa sababu ulirekodi dirisha likiwa wazi, mamako akikuita ukatwae mkate, na wenzako wakipiga miluzi ukumbini usiku ule bendi ya shule ilipothubutu kupiga roki mbele ya mwalimu mkuu. Hivyo havipo mtandaoni. Vipo kwenye utepe usiofika upana wa milimita 4, na utepe huo unaliwa na hewa ya bahari.

Mimi ni wa lile kundi la kwanza la 8-4-4 lililofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka wa 1989. Roki ilitufikia kwa njia za panya. Kulikuwa na BBC ya masafa mafupi, ambako Dave Lee Travis alikuwa akipiga nyimbo za kuombwa na wasikilizaji wa dunia nzima. Kulikuwa na manuwari za Marekani zilizoingia Kilindini, hasa baada ya ule mkataba wa 1980 uliowaruhusu kutumia bandari yetu, na mabaharia waliobadilishana kaseti kwa vinyago. Kulikuwa na binamu wa London. Na kulikuwa na maduka ya kurekodi: unapeleka kaseti tupu na orodha yako ya nyimbo, unarudi Ijumaa, unakuta wimbo wa mwisho umekatwa kichwa kwa sababu upande umeisha. Tulipogundua kwamba Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka wa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, tulitembea wiki nzima vifua mbele kana kwamba sisi ndio tuliomfundisha kuimba.

Nilikuwa na kaseti 63. Nimeokoa 58. Kati ya tano zilizokufa, mbili niliziua mwenyewe kwa pupa, na ndiyo sababu naandika haya.

Hatua ya kwanza: toa zote, panga, vunja vijino

Usianze kwa kucheza kaseti. Najua mkono unawasha. Zitandaze zote mezani kwanza, uzipe nambari kwa kalamu ya wino usiofutika, na upige picha kila jalada, mbele na nyuma, pamoja na ule mwandiko wako wa kidato cha pili wenye mafuvu na radi. Jalada likichanika baadaye, picha ndiyo itakayokuambia kilichomo.

Sasa geuza kaseti, uwazi wa utepe ukuelekee wewe. Kwenye ukingo wa pili kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Vijino hivyo ndivyo vinavyoiruhusu mashine kurekodi juu ya kaseti. Vivunje vyote viwili kwa bisibisi ndogo, leo hii, kabla hujafanya lolote jingine. Mjukuu akibonyeza kitufe chekundu hakutakuwa na hasara. Na kama ujanani uliziba mashimo hayo kwa karatasi ya gundi ili urekodi juu ya kaseti ya mahubiri ya shangazi, kama nilivyofanya mimi, Mungu atusamehe, ibandue.

Kisha gawa mafungu. Fungu la kwanza ni vitu visivyo na nakala popote: shoo zilizorekodiwa ukumbini, funki (dansi) za shule, mazoezi ya bendi, sauti za watu. La pili ni yaliyonaswa redioni. La tatu ni mchanganyiko wa dukani. La mwisho ni kaseti halisi za kununua, zilizochapishwa kiwandani. Utaokoa kwa mpangilio huo huo. Wengi huanzia mwisho kwa sababu kaseti za kununua zina majalada mazuri, na kufikia wakati wa shoo ya shule wamechoka, au mashine imeshaharibika.

Angalia pia urefu ulioandikwa. C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. C120 ni saa nzima kila upande, na imefika hapo kwa kupunguziwa unene wa utepe. Hizo ndizo zinazovutika na kuliwa na mashine, kwa hivyo ziwekee alama uzishike kama mayai.

Hatua ya pili: kuvu

Hapa ndipo mtu wa Nairobi na mtu wa Mombasa wanapoachana. Miongozo mingi mtandaoni imeandikwa na watu wa nchi kavu, na suala la kuvu wanalipitia kwa sentensi moja. Sisi tunaishi nalo.

Shika kaseti kwenye mwanga uchungulie kwenye kidirisha. Utepe mzima huonekana kama bamba la kahawia iliyokolea, laini, linalong'aa kidogo. Ukiona unga mweupe ukingoni, au nyuzi kama za buibui, au madoa ya kijivu, hiyo ni kuvu. Ina pia harufu yake, ile ya kabati la mkeka uliolowa mvua. Kaseti hiyo usiitie kwenye mashine kwa hali yoyote. Itapasua utepe pale ulipogandana, itaacha mbegu zake ndani ya mashine, na mashine itazigawa kwa kila kaseti itakayofuata. Hivyo ndivyo nilivyoiua ya kwanza na kuzitia ugonjwa nyingine nne.

Zenye kuvu zitenge kwenye mfuko wa plastiki. Ngoja siku kavu. Msimu mzuri kwa kazi hii ni kaskazi, Januari na Februari, kabla ya mvua za masika. Kuvu mbichi hupakaa kama siagi, lakini ikikauka inakuwa unga na kupukutika. Ziweke kwenye mkebe wa mfuniko unaobana pamoja na chembe za kunyonya unyevu, zile za vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vipakiti vya viatu vyenyewe havitoshi: kwa hewa yetu vimeshashiba kabla hujavitoa kwenye boksi. Nunua chembe zinazobadilika rangi zinaposhiba, uzikaushe upya kwa moto mdogo wa oveni, uzirudishe. Ziache wiki mbili.

Usizianike juani. Nasema hivi kwa sababu kila mtu wa pwani, akiona kitu kimelowa, mkono wake huenda kwenye paa. Jua la saa saba hapa linalipinda ganda la kaseti, na ganda likipinda utepe hautembei sawa. Usizizike kwenye mchele pia, maana vumbi la mchele litaingia ndani.

Zikikauka, toka nje upenuni, vaa barakoa, upepo ukupige mgongoni. Chukua kalamu ya Bic, ile yenye pembe sita, uitie kwenye tundu la kaseti. Mkono mwingine ushike kipande cha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kile cha kufutia miwani kinafaa sana, ukikunjie utepe pale unapopita kwenye uwazi, bila kuubana. Zungusha kalamu polepole. Utaona mstari wa kijivu ukijichora kwenye kitambaa. Sogeza sehemu safi, endelea. C90 moja ilinichukua dakika 50 na vikombe viwili vya kahawa tungu, na mke wangu alipita akasema nafanana na babu anayesokota kamba ya jahazi. Ukihisi utepe umekataa kuachana, simama. Gonga kaseti mara mbili tatu bapa kwenye kiganja, ujaribu tena. Ukikataa kabisa, iweke kando na usilazimishe.

Hatua ya tatu: mwili wa kaseti

Ganda la skrubu tano linafunguka. Lililogundishwa kiwandani itabidi ulipasue taratibu kwa kisu chembamba kwenye mshono, na hapo utahitaji kaseti nyingine ya skrubu ya kutoa mwili wake. Nunua chache za mahubiri au za kampeni zilizopita; hazina wa kuzililia. Kabla hujagusa chochote ndani, piga picha. Utepe unapita upande wa nje wa vigurudumu viwili na mbele ya kipande kidogo cha sufi kilichoshikwa na chuma chembamba, na ukikosea njia hiyo kaseti itazunguka bila kutoa sauti. Kile kipande cha sufi ndicho hudondoka sana hapa pwani, kwa kuwa gundi yake huyeyuka na chuma chake huota kutu. Kitoe kwenye kaseti ya msaada.

Utepe ukikatika, usitumie selotepu ya kufungia zawadi. Kwa joto letu gundi yake hutoka pembeni, inashika mzunguko unaofuata na kuchafua hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Kuna utepe maalumu wa kuungia kaseti, unaagizwa mtandaoni, kipande kimoja kinakutosha maisha. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, ubandike upande wa ndani, ule usiogusa hedi.

Mwisho wa hatua hii, peleka kaseti mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo. Utepe uliolala miaka 30 umebanana, na kuuzungusha kunaulegeza usilie kama bawaba wakati wa kucheza.

Hatua ya nne: mashine

Usinunue vile vichezeo vyepesi vya plastiki vinavyouzwa vikiwa na waya wa USB tayari. Vinayumba. Gitaa refu linalolia litasikika kama limelewa mnazi. Tafuta deki ya zamani, ile nzito ya kukaa kwenye rafu, ya Sony, Technics, JVC, Aiwa au yoyote ya ukoo huo, yenye matundu mawili ya kutolea sauti mgongoni, jekundu na jeupe. Zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mitumba na kwa mafundi wa redio wa Mwembe Tayari na Majengo, na mara nyingi ipo sebuleni kwa mjomba, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake imewekwa chungu cha maua.

Nenda na kaseti usiyoijali. Iliyo na piano au sauti moja ndefu ndiyo inayosema ukweli kuhusu mwendo. Sikiliza kulia na kushoto. Rudisha nyuma, peleka mbele, simamisha ghafla. Fungua mlango utazame hedi: iwe inang'aa bila mfereji uliochimbika.

Yangu ya kwanza niliinunua bila kuijaribu, ikatafuna kaseti ya pili siku hiyo hiyo. Niliipeleka kwa fundi, kijana wa umri wa binti yangu. Aliifungua, akatia kidole, akakitoa na kitu cheusi kinachovutika kama lami.

"Mzee, huu ndio ulikuwa mkanda wa mpira."

"Ulikuwa?"

"Joto la Mombasa hili, mzee wangu. Mpira wa Japani haukuzaliwa kwa kaskazi."

Alisafisha ile lami kwa vijiti vya pamba karibu saa nzima, akatia mikanda mipya miwili. Kwa hivyo hesabu bei ya mikanda ndani ya bei ya mashine, hata kama muuzaji anaapa.

Kusafisha: dukani kwa dawa ulizia pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kawaida ya kupaka vidonda hutiwa mafuta na huacha utando, haifai. Lowesha kijiti cha pamba, sugua hedi na kile kijiti cha chuma kinachozunguka kando yake, mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha likauke. Rudia kila baada ya kaseti tano, na kila baada ya moja kama ilikuwa na kuvu.

Hatua ya tano: kulinyosha sikio la mashine

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyonifanya nikae kitako.

Kwenye hedi kuna ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Ufa huo unapaswa kusimama wima kabisa dhidi ya utepe unaopita. Ukiinama hata unywele, matoazi yanapotea na gitaa linasikika kama lipo chumba cha pili. Shida ni kwamba redio kaseti iliyorekodi shoo yenu mwaka wa 1988 huenda ufa wake ulikuwa umeinama. Kwa hivyo deki iliyonyooka vizuri kwa kaseti ya kiwandani inaisoma kaseti yako kwa pembe isiyo yake. Watu husikia ule ufifi, wakasema, ah, kaseti imezeeka. Haijazeeka. Inaangaliwa kwa jicho la upande.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi imetiwa tone la rangi ili isigeuke. Nyingi zinafikika mlango ukiwa wazi. Weka alama ya pale ilipo. Cheza sehemu yenye matoazi au makofi mengi, vaa hedifoni, geuza skrubu kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko. Sauti itazidi kuzama au itaanza kufunguka. Fuata upande inakofunguka mpaka ianze kuzama tena, kisha rudi nusu njia. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa kaseti ya shule, ghafla nilisikia mvua. Miaka yote nilidhani ule mvumo nyuma ya ngoma ni uchafu wa kaseti. Kumbe ilikuwa masika, mvua ya Mei juu ya mabati ya ukumbi.

Utageuza upya kwa kila kaseti iliyorekodiwa kwa mashine tofauti. Ukimaliza, irudishe kwenye alama.

Hatua ya sita: waya na umeme

Kutoka matundu jekundu na jeupe ya deki, waya uende kwenye kisanduku kidogo cha kugeuza sauti chenye USB, kisha kwenye laptopu.  Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Nyingi ni za sauti ya upande mmoja tu, na zimetengenezwa kwa ishara dhaifu, kwa hivyo gitaa litapasuka.

Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa nyumba, ambao kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Chomoa chaja ya laptopu uendelee na betri. Zima feni yenye kirekebishi cha ukutani na usogeze simu mbali. Ndiyo, utatoka jasho.

Swichi ya Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, iwe imezimwa, isipokuwa una hakika kaseti ilirekodiwa nayo. Za redio kaseti ya kubebea nyingi hazikuwa nayo. Ukiiwasha pasipo pake itakata matoazi yote uliyohangaika kuyarudisha. Aina ya utepe pia ina swichi yake: TDK D na Maxell UR ni za kawaida, TDK SA na Maxell XL II huchezwa swichi ikiwa kwenye kromu.

Hatua ya saba: kurekodi

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Tafuta sehemu ya kelele kuliko zote, upime: vilele vifike karibu na desibeli 6 chini ya sifuri, visiguse sifuri kamwe. Kisha rudisha mwanzo, bonyeza rekodi kwenye kompyuta kwanza, ndipo ucheze kaseti. Acha upande mzima uende bila kusimamisha. Usikate mwanzo wenye ukimya wala mwisho wenye mkwaruzo. Ule mlio wa kitufe kubonyezwa, na sekunde mbili za sauti yako ya miaka 15 ikisema "imeanza, imeanza", ndiyo mali yenyewe.

C90 moja kwa kipimo hicho hula kama gigabaiti moja na nusu. Pangia nafasi.

Fanya kazi hii usiku wa manane au alfajiri, wakati stima haina mchezo sana. Ikikatika laptopu itabaki na betri, lakini deki inakufa ikinguruma, na utepe unabaki umebanwa kati ya gurudumu na chuma. Ikirudi kwa kishindo unaweza kuvutika. Stima ikienda, chomoa deki, utoe kaseti kwa mkono taratibu. Kaseti yangu ya pili ya msiba ilikwenda hivyo. Nilikuwa jikoni natafuta mshumaa.

Sikiliza huku ukirekodi, na daftari kando. Andika dakika na kinachotokea: "14:20, mtangazaji", "22:05, mama", "31:12, nani huyu?" Daftari hilo utalitegemea kuliko unavyodhani.

Hatua ya nane: usisafishe kupita kiasi

Programu itakupa zana ya kuondoa mvumo. Ni tamu. Niliitumia kwa kaseti ya shule na kwa sekunde kumi nilijiona bingwa. Mvumo ukaenda. Mvua nayo ikaenda. Miluzi ikabaki kama vyura walio chini ya maji, na ukumbi wa vijana mia tatu ukawa chumba kitupu. Kompyuta haijui tofauti kati ya mvumo wa utepe na mvua ya juu ya mabati.

Faili ghafi iache kama ilivyo, milele. Tengeneza nakala ya kusikiliza na hiyo ndiyo uiguse kidogo: pandisha sauti, punguza mngurumo wa umeme, basi.

Kuhusu yale majina ya nyimbo uliyosahau, programu za kutambua muziki zitakusaidia kwa zilizotoka dukani. Kwa bendi za hapa hapa utahitaji watu. Vijana wengi tulianza kuona gitaa la umeme kwa macho kwa bendi za mahotelini za pwani, za ukoo wa Them Mushrooms, walioanzia Mombasa hii na wimbo wao ukaimbwa hadi na Boney M. Kabla yao Slim Ali alikuwa ameshaonyesha kwamba mtoto wa mji huu anaweza kuimba soul kwa Kiingereza na dunia ikasikiliza. Ukisikia kwenye kaseti yako bendi usiyoijua ikipiga roki ya Ulaya kwa gitaa lenye mwendo wa chakacha, uliza wapigaji wazee. Wanatambuana kwa vidole.

Hatua ya tisa: majina na nakala

Jina la faili: mwaka, nambari ya kaseti, upande, mahali. "1988_17_A_shule". Ghafi zigeuze ziwe FLAC, hupungua ukubwa bila kupoteza kitu. Za kutuma WhatsApp ziwe MP3. Weka nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na moja isiyokaa Mombasa kabisa, kwa dada yako aliyeolewa Eldoret au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Chumvi inayokula kaseti inakula diski pia. Flashi si mahali pa kuweka kitu miaka kumi.

Za wasanii usizipandishe mtandaoni wala usiziuze, haki ni zao. Za bendi ya shule waulize wenyewe kwanza, wengine sasa ni mawakili na maimamu.

Kaseti zenyewe usizitupe. Zirudishe kwenye majalada, zisimame wima kama vitabu, kwenye mkebe wa kubana wenye zile chembe. Mbali na spika, kwa sababu ya sumaku, na mbali na ukuta wa nje.

Hatua ya kumi: usiku wa kusikiliza

Niliwaita saba, wakaja watano. Baada ya isha, barazani, spika mbili zikielekea ndani ili jirani asikasirike. Viazi karai, mshakiki, ukwaju. Ushauri wangu ni mmoja: usianze na kaseti ya shule. Anza na za redio, watu wabishane kuhusu mwaka, wakosoane, wacheke nywele za kila mmoja. Njaa ikiisha ndipo uilete. Na icheze upande mzima bila kuruka, hata zile dakika tatu za kuunganisha waya.

Dakika ya 31 kuna kijana anayehesabu kabla ya wimbo kuanza. Moja, mbili, moja mbili tatu, sauti inapasuka kwenye "tatu", ukumbi unacheka, ngoma inaingia hata hivyo. Daftarini nilikuwa nimeandika "nani huyu?" na miezi miwili sikupata jibu. Yule mwenzetu wa mtaa wa Tudor, ambaye siku hizi ana shehena zake bandarini na hasikilizi chochote ila kaswida, aliweka kikombe chini.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena, bwana. Huyo si mimi?"

Nilifungua laptopu, nikafuta alama ya kuuliza, nikaandika jina lake.